Mawifi na Vidonge Hewa

Kama hujawahi kugombana na Shangazi yangu, basi wewe ni mgeni mtaani kwetu. Amegombana na wauza mkaa, amegombana na madereva, amegombana na fundi saa kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inakimbia. Mimi ndiyo usiseme. Nayasema haya kwa mapenzi, maana huo mdomo nimeurithi, na mtu akitaka kumsema Shangazi mbele yangu ajiandae kweli kweli.

Alikuwa dobi wa hospitali ya chuo kikuu. Chumba cha kufulia kilikuwa jengo refu la bati nyuma ya wodi, upande mmoja mashine zinanguruma, upande wa pili meza za kupigia pasi, na katikati mvuke mpaka humuoni mwenzako. Huko ndiko walikompa jina la Pasi. Nesi akitandika shuka vibaya, Pasi akipita wodini atalivuta na kulitandika upya huku mgonjwa yumo humo humo kitandani, na hakuna wa kumuuliza. Maprofesa wa leo aliwapa makoti yao wakiwa bado wanafunzi, wamekonda, koti linawapwaya, na mpaka leo wakikutana naye wanashika kola kwanza kuona kama imekaa sawa.

Kwa Mama yeye ni wifi. Baba yangu alipofariki, watu wa midomo walikaa mkao wa kula, wakisubiri Shangazi amtoe mke wa kaka yake kwenye nyumba. Walisubiri sana. Shangazi alichofanya ni kubeba godoro lake na kuhamia chumbani kwa Mama, akasema wifi yake hawezi kulala peke yake kama mlinzi wa ghala. Yupo humo mpaka leo. Wanagombania redio, wanagombania chumvi, na mmoja akienda sokoni bila mwenzake, anayebaki ananuna mpaka jioni. Sijawahi kusikia yeyote kati yao akimwita mwingine kwa jina. Ni wifi huku, wifi kule.

Chuo kikatangaza kwamba kinajenga kituo cha utafiti wa tiba, na katika eneo lote la hospitali, mahali pazuri wakaona ni pale pale kwenye chumba cha kufulia. Shangazi alikuwa karibu kustaafu, kwa hiyo wakamstaafisha pamoja na mashine zake. Siku tingatinga lilipoanza kung'oa bati alisimama kwenye uzio, mikono kiunoni, akamwambia dereva wake kwamba hajui kazi. Mimi ni fundi rangi, na mkandarasi alinichukua kwenye jengo hilo kuta zilipomaliza kupigwa lipu. Basi kila asubuhi nikiwa juu ya kiunzi na msasa wangu namuona Shangazi kule chini anakagua. Mafundi wenzangu wakaanza kunitania kwamba bosi wangu amefika. Niliona aibu mpaka nikazoea.

Wazo la kituo lilikuwa la Profesa mmoja mfupi, mpole, aliyekuwa akiongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Aliwaita wakazi wa jirani akawaeleza. Alisema dawa hugunduliwa maabara, kisha inakaa huko huko miaka inazunguka kwenye makaratasi ya wasomi, na mgonjwa anakufa hajaiona. Jengo hili litaweka maabara ghorofani na mgonjwa chini, ngazi tu kati yao: kinachoonekana juu kijaribiwe chini kwa utaratibu, na kinachomtesa mgonjwa chini kipelekwe juu kikatafutiwe jibu. Mimi nilimwelewa na nikampenda. Shangazi akanyoosha mkono akauliza mashuka atafua nani. Profesa akamjibu kwa upole kwamba yatapelekwa kwa kampuni ya nje. Shangazi akakaa, akavuta mtandio, na kwa mkutano wote uliobaki hakutazama tena upande wa Profesa.

Nadhani Profesa alitaka kumpoza alipomweka kuwa mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ile ya kukiambia kituo watu wanaogopa nini na kuwaambia watu kituo kinafanya nini. Kama alidhani kwa kumpa kiti atanyamaza, pole yake. Shangazi aliichukua kazi hiyo kama alivyoichukua pasi. Ndiye aliyewaelewesha watu jambo lililowashinda wasomi kulieleza. Kwenye utafiti wengine hupewa dawa yenyewe, na wengine vidonge vinavyofanana na dawa kila kitu ila ndani hamna kitu, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapata kipi, ili ijulikane kama watu wanapona kwa dawa au kwa kudhani tu. Watu walikuwa wanasinzia. Shangazi akasimama.

"Mnamjua mfanyakazi hewa?" akawauliza. "Jina lipo, mshahara unatoka, kazini hayupo. Basi na hivi ni vidonge hewa."

Watu wakacheka, wakaelewa, na jina likashika mpaka manesi wakalichukua. Na kuna jambo la pili alilihubiri nyumba kwa nyumba mpaka likamchosha kila mtu: vidonge ulivyopewa ni vyako. Usimpe mume, usimpe jirani, usichanganye. Hewa haimponyi mtu, alisema, na ukichanganya umeharibu kazi ya watu wote.

Sisi nyumbani shida yetu ilikuwa miguu ya Mama. Wote wawili wana sukari, na sukari ikikaa mwilini inakula miguu. Ya Shangazi ilikuwa inawaka moto kiasi, anavumilia, analalamika, anaendelea. Ya Mama ilikuwa balaa. Alisema ni kama anakanyaga jiko. Akaacha viatu, akaacha soko, mwisho akaacha hata kutoka kukaa kibarazani. Shangazi akawa anaenda sokoni peke yake, akirudi anakaa ukingoni mwa kitanda anamsimulia kila kitu, nani kapandisha bei ya vitunguu, nani kagombana na nani, na kwa kuwa mara nyingi aliyegombana ni yeye mwenyewe, habari zilikuwa kamili.

Siku moja tukiwa jikoni akaniambia bila kunitazama, "Wifi akizoea kulala mchana, ndiyo basi. Hanyanyuki tena. Nimewatandikia mashuka wa namna hiyo, nawajua."

Sikuwahi kumsikia Shangazi akiogopa kabla ya siku hiyo. Na mimi nikaogopa kuliko yeye, nikajifanya naosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Basi fikiria furaha yetu. Sehemu ya chini ya kituo ikafunguliwa, ghorofani bado tunapaka rangi na mafundi wa umeme bado wanavuta nyaya, na utafiti wa kwanza kabisa ukawa wa dawa ya miguu inayowaka moto kwa wenye sukari. Daktari aliyeusimamia alikuwa binti wa rika langu, mwenye miwani na subira ambayo mimi sina. Alisita kuwaandikisha wawili wa chumba kimoja. Akamuuliza Shangazi kama ana hakika kila mtu atameza vyake.

"Mwanangu," Shangazi akamwambia, "mimi ndiye ninayewafundisha watu hayo. Unaniuliza mimi?"

Binti wa watu akaona haya, akawaandikisha. Kila mmoja akapewa chupa yake nyeupe yenye namba yake, wakaja nayo nyumbani wameikumbatia.

Haukupita muda mrefu miguu ya Shangazi ikatulia. Ya Mama ikabaki vile vile. Hapo Shangazi akapiga hesabu zake mwenyewe, wala hakuhitaji maabara: vyangu ndiyo dawa, vya wifi ndiyo hewa. Alichofanya baada ya hapo nilikuja kukijua mwishoni, lakini nakisema hapa hapa ili twende pamoja. Siku walipopewa chupa mpya, alimsubiri Mama aingie kuoga, akakaa kitandani, akamwaga vyake kwenye bakuli, akatia vya Mama kwenye chupa yake na vyake kwenye chupa ya Mama, akafunga vizibo. Na kila chupa mpya zilipokuja akafanya hivyo hivyo. Mwenyekiti wa kamati, aliyewahubiria watu mpaka wakamkimbia.

Na ikafanya kazi. Ndivyo tulivyoona. Mama akaanza kutoka kibarazani. Mama akavaa viatu. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta amesimama uani anaanika nguo, mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa anaenda chooni kwa kushikilia ukuta. Nilimkumbatia na rangi zangu zote, akanigombeza kwa kumchafua, nikafurahi kugombezwa. Siku ya soko wakatoka pamoja tena, Mama mbele, ameinua kichwa, na Shangazi nyuma na mkongojo, anachechemea, maana yeye sasa maumivu ya miguu yalikuwa yamemrudia. Nilimwonea huruma, lakini niseme ukweli, furaha ilinizidi. Kazini niliwaambia mafundi wote kwamba jengo tunalolipaka limemponya mama yangu. Nilipaka kuta za ghorofani kama napaka nyumba yangu.

Ghorofani kukaisha. Mashine za maabara zikapandishwa, na damu zote walizotolewa wagonjwa, zilizokuwa zikisubiri kwenye friza, zikaanza kupimwa kuona dawa imeingia mwilini kiasi gani. Mfamasia wa kituo, ambaye ndiye pekee anayejua namba ipi ni dawa na ipi ni hewa, akaona damu mbili zinakataa kukubaliana na chupa zake. Mama na Shangazi wakaitwa, na mimi nikaenda kuwasindikiza.

Chumba chenyewe nilikipaka mimi, rangi ya maziwa, na kwenye kona ya dirisha kuna mahali rola iliruka nikaona uvivu kurudia. Nilikuwa nakitazama kile kidoa wakati wote, kwa sababu sikuweza kutazama nyuso.

"Shikamooni mama zangu," Daktari akasema. Wakaitikia marahaba. "Nitauliza kitu, na sitamgombeza mtu. Vidonge vyenu mlichanganya?"

"Hatukuchanganya," Shangazi akasema papo hapo, amenyooka kwenye kiti. "Nilibadilisha. Mimi. Wifi hajui lolote. Vyangu vilikuwa dawa, vyake vilikuwa hewa, na miguu mibaya ni yake, si yangu. Kama kuna wa kufukuzwa nifukuze mimi. Lakini umemuona mwenyewe anavyotembea."

Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa na huruma usoni, na huruma ile ilinitisha kuliko hasira.

"Mama mwenyekiti," akasema polepole, "ni kinyume. Vyako ndivyo vilivyokuwa hewa tangu mwanzo. Dawa alipewa wifi yako, ila ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi, inachukua muda. Tangu ulipobadilisha, yeye anameza hewa. Dawa unameza wewe."

Shangazi akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeambiwa uongo na mtoto. "Haiwezekani. Wifi amepona. Kwa hewa? Wifi, hebu mwambie."

Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Wifi," Shangazi akasema tena.

"Sijapona," Mama akasema.

Kisha Mama akaanza kuongea kwa sauti ya chini, ile anayotumia akitaka jambo lipite bila ugomvi. "Nilikuona, wifi. Ile siku ya kwanza nilisahau taulo, nikarudi, mlango uko wazi kidogo. Nikakuona unanimiminia vyako."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ungenuna mwezi mzima, halafu ungefanya tena. Nikasema basi, kanipa dawa yake, nitaimeza. Nikameza, nikasubiri. Na wewe unachechemea mbele ya macho yangu, kwa ajili yangu. Sasa ningekwambia nini? Kwamba hiyo nayo haifai kitu? Nikaona nitembee tu."

Nikakumbuka nguo alizoanika. Nikakumbuka anavyokwenda sokoni, kichwa juu, pembe ya mtandio kaibana kwenye meno, na mimi nikidhani ni madaha. Alikuwa anakanyaga lile jiko lake hatua kwa hatua, kwenda na kurudi, ili wifi yake asijue kwamba zawadi yake haikusaidia. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumbeba mgongoni, yote kwa pamoja.

"Na miguu yako wewe?" Daktari akamuuliza Shangazi.

Sasa hapo ndipo Shangazi yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinamisha kichwa. Akauzungusha mkongojo wake sakafuni. "Ilirudi kuuma kidogo nilipobadilisha," akasema mwishowe. "Baadaye ikapoa."

"Ilipoa lini?" nikadakia, maana uvumilivu ulikuwa umenishinda. "Asubuhi hii umepanda ngazi tatu za mlangoni umeniegemea mimi."

"Ningesemaje?" akanigeukia. "Nimewaambia watu mtaa mzima hewa haiponyi. Halafu naona mwenyewe nimepona kwa hewa. Waje wanione nakimbia? Nikaona haya, nikaendelea kuchechemea."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, Daktari akajiziba mdomo akashindwa, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Walikuwa wamekaa hivyo miezi yote hiyo, mzima anachechemea na mgonjwa anatamba, na kituo kizima kinawapima kwa mashine za kutoka ng'ambo. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa bado yuko nyuma, anapanga mambo kichwani, na nikaona alipofika mwisho wa kuyapanga, kwa sababu uso ulimbadilika.

"Basi mrudishie," akamwambia Daktari. "Mimi nitoe. Nitoe hata kwenye kamati. Yeye mrudishie vyake, leo hii aanze."

"Siwezi, mama."

"Yeye hana kosa."

"Najua hana. Lakini nyote wawili mmetoka kwenye utafiti leo. Vipimo vyenu siwezi kuvitumia, na kidonge siwezi kumpa mtu ambaye hayumo. Dawa hii bado haiuzwi popote duniani. Utafiti ukiisha, na ikithibitika inasaidia, nitamwita mwenyewe, nakuahidi."

"Utaisha lini?"

Daktari akasema si leo wala kesho. Akanyoosha mkono, na Mama akatoa chupa zote mbili kwenye mkoba akamkabidhi, akamwambia asante mwanangu, kama mtu aliyekopa sahani anairudisha.

Shangazi akafunika uso kwa viganja. "Nimemuibia wifi yangu miguu yake," akasema. Alirudia mara nyingine, na Mama akawa anamsugua mgongo, anamwambia nyamaza, hakuna aliyeiba, nyamaza sasa. Mimi nililia waziwazi. Daktari alitoka akatuacha, na nafikiri na yeye alienda kulia kwake.

Kutoka mlango wa kituo mpaka getini ni mwendo, barabara ya zege pembeni ina ukuta mfupi wa maua. Tulikuwa hatujafika mbali Mama akasimama.

"Naomba nikae," akasema.

Hakuwa amewahi kuomba kukaa, tangu alipoanza kupona kwa uongo. Akakaa kwenye ukuta ule, akavua viatu, akaiweka miguu kwenye majani, vidole vimejikunja kwa maumivu, na akatoa pumzi ndefu sana. Shangazi alimtazama. Akauegemeza mkongojo ukutani, akapiga magoti bila shida yoyote, akaanza kumpepea miguu kwa mkoba. Wanafunzi walikuwa wanapita na makoti yao meupe, wanatuzunguka.

Halafu Shangazi akasimama. "Haendi getini kwa miguu huyu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka aende. "Kaa naye, nikalete teksi."

Akaenda. Mkongojo kauacha. Alitembea wima, haraka, mikono inapunga, akawapita wanafunzi, karibu akimbie, na hata kabla hajafika getini tulishamsikia anagombana na dereva kuhusu mahali alipoegesha gari.

Mama alikuwa amejikinga jua kwa mkono, anamfuata kwa macho. Nilidhani analia. Nikainama nimtazame.

"Muone anavyotembea," akaniambia. "Kama msichana. Ile si ndiyo dawa yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni nzuri kweli," akasema, na alikuwa na furaha kabisa, furaha isiyo na hata chembe ya kinyongo, huku miguu yake inawaka kwenye majani. "Nzuri sana ile dawa yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kuwagombeza wote wawili tukifika nyumbani. Nikakaa pale ukutani karibu yake, nikashindwa hata kujua ningeanzia wapi.